Mkono wa Mzee Simel

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya historia ya nchi hii, inatangazwa rasmi kwamba maandishi haya ndiyo maelezo kamili, ya kweli na ya mwisho kuhusu mkono wa Mzee Simel, yakiwa yameandaliwa na mtafiti asiyeegemea upande wowote. Mtafiti huyo anaandikia kwenye meza ya jikoni hapa Kitengela, na ameambiwa atoke kabla ya maharagwe kuiva.

Tuanze na Jumamosi moja ya mwaka wa elfu mbili, kwenye shule ya bweni ya wavulana nje kidogo ya mji wa Kajiado. Wavulana walikuwa nyuma ya jiko wakifua soksi kwa sabuni ya mche. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha tangu mwaka uliotangulia. Nyasi zilikuwa zimeisha, na vumbi lilikuwa limeingia hata ndani ya Biblia. Kwa kuwa shule ilikuwa na kisima, kila Jumamosi wafugaji waliruhusiwa kunywesha mifugo yao kwenye birika la saruji kando ya uwanja. Wengine walikuwa wamehamisha ng'ombe kutoka mbali, upande wa Kisaju, wakajenga maboma ya muda karibu na shule. Mmoja wao alikuwa Mzee Simel. Mwanawe, Lesiamon, alikuwa kidato cha nne katika shule hiyo hiyo.

Lesiamon ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Ilikuwa kengele ya shaba yenye mpini wa mbao, na aliilaza chini ya kitanda chake ikiwa imefungwa kwa taulo ili isilie bila ruhusa. Yeye alilala kitanda cha chini. Kitanda cha juu alilala Nalianya, kijana kutoka Kitengela, mwenye sura nzuri na akili kali kwa mujibu wa watu wote waliohojiwa na mtafiti. Baba yake Nalianya, Bwana Lazarus, alitoka magharibi ya nchi na alikuwa karani kwenye kiwanda cha saruji. Mama yake, Phylis, alikuwa muuguzi.

Wavulana hao wawili walikuwa marafiki. Mama yake Lesiamon alileta maziwa ya mgando ndani ya kibuyu, Lesiamon akampa Nalianya nusu, na Nalianya akanywa zaidi ya nusu. Nalianya naye, kwa kurudisha wema, alimfanyia Lesiamon mzaha kila siku bila kumnyima hata siku moja.

Lazima isemwe kwamba Nalianya alikuwa na ugonjwa. Hakuweza kuona kitu kimetulia akakiacha kitulie. Aliwahi kuingiza punda kwenye somo la jiografia. Aliwahi kuweka chumvi kwenye sukari ya walimu, na walimu wakanywa chai hiyo kimya, kila mmoja akidhani anaugua peke yake. Jumamosi hiyo soksi zake zilikuwa zimekauka, hakuwa na la kufanya, na miguu ilimwasha.

Ng'ombe wa Mzee Simel walifika kwenye birika. Mbele yao alitangulia ng'ombe mwekundu aitwaye Nado, ambaye wenzake walimfuata popote alipokwenda. Nalianya alikimbia bwenini, akachukua kengele chini ya kitanda cha Lesiamon, akanyoosha waya wa hanga ya nguo, akaifunga kengele shingoni mwa Nado. Alipoulizwa baadaye na nafsi yake kwa nini, alijibu kwamba alitaka kuona tu.

Aliona. Nado aliinamisha kichwa anywe, kengele ikalia, na wavulana waliokuwa wamekaa kula githeri wakainuka wakaacha sahani, kwa sababu hiyo ilikuwa kengele ya kumaliza chakula. Nado alitikisa shingo kufukuza nzi. Huo ulikuwa mlio mrefu wa dharura, kwa hiyo shule nzima ilikimbilia uwanja wa paredi na mapovu mikononi. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kiragu, ambaye tulimwita Deputi, yaani walimwita Deputi, alitoka nyumbani kwake akiwa amenyoa ndevu upande mmoja. Alisimama mbele yao akingoja kuambiwa dharura ni ipi. Kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, aliwahutubia kuhusu nidhamu. Nado alipoanza kutembea, mlio wa polepole ulimaanisha prepu, na wavulana wakaingia madarasani siku ya Jumamosi wakafungua vitabu. Halafu mlio ukafifia upande wa magharibi, na shule ikabaki haina saa.

Jioni ile Nalianya alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Lesiamon alikuwa chini yake, akitazama mbao zikipanda na kushuka.

"Nalianya," akasema. "Leta kengele."

"Kengele gani, buda?"

"Usinichezee. Deputi ataninyonga."

"Nado ataileta. Si ni ng'ombe ya heshima?"

Jumapili asubuhi haikuletwa na Nado. Ililetwa na Mzee Simel mwenyewe, ikiwa imefunikwa kwa shuka yake, akaikabidhi kwa Deputi kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani aliyepotea. Deputi alishukuru. Halafu alifikiri kidogo.

"Ng'ombe ni wako," akasema.

"Ni wangu."

"Mwenye kukaa na kengele ni mtoto wako."

"Ni mtoto wangu."

"Basi, mzee," Deputi akasema kwa huruma, "hiyo hesabu hata mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kufanya."

Jumatatu, kwenye paredi, Lesiamon alisimamishwa mbele, baba yake akiwa kando. Deputi alimuuliza kama ndiye aliyeifunga kengele. Lesiamon akasema hapana. Akaulizwa basi ni nani. Lesiamon alitazama mistari ya wanafunzi, macho yake yakafika kwa Nalianya, yakapumzika hapo muda wa kumtosha mtu yeyote kufungua mdomo.

"Sijui, mwalimu," akasema.

Deputi aliuliza kama kuna mwanafunzi mwenye neno. Wakati huo kamba ya kiatu cha Nalianya ilihitaji kuangaliwa kwa makini, naye akaiangalia. Mzee Simel hakuongeza mengi. Alisema, "Mimi sina haja ya kupiga mtu. Nataka tu huyo mwenye alifunga aniambie." Upepo ulivuma. Kisha Lesiamon alipewa barua ya kufukuzwa, miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Alipokuwa akiondoka, Mzee Simel alipita mbele ya mstari wa wanafunzi, na wale waliotoka nyumba za wafugaji wakainamisha vichwa. Huko ndivyo mtoto anavyomwamkia mzee: anainama, na mzee anamwekea mkono kichwani. Waliotoka mbali walikuwa wameshajifunza, nao wakainama. Mzee aliwagusa mmoja mmoja bila kuruka mtu. Nalianya aliinama kuliko wote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebatizwa.

Mzee Simel alimgusa, akauvuta mkono, na mkono haukuja.

Ulibaki kichwani pa Nalianya. Ulikuwa mkono wa kulia, wenye pete ya shaba na kidole kimoja kilichopinda kwa sababu ya kamba ya ndama miaka mingi iliyopita. Mzee aliutazama, kisha akatazama mahali ulipokuwa umetoka. Hapakuwa na damu wala jeraha. Alirusha shuka begani ikafunika upande huo.

"Ero, kijana," akamwambia Nalianya, "hiyo ni ya kazi. Utaileta."

Akavuka geti. Lesiamon alimfuata akiwa na godoro kichwani na sanduku la bati mkononi. Deputi alitazama saa yake, akasema somo la kwanza limeshaanza.

Matroni, aliyeitwa Rahab, ndiye wa kwanza kuushughulikia. Alisema kucha ni ndefu, akazikata. Alisema ngozi imekauka, akaipaka mafuta ya kujipaka. Alimwandikia Nalianya ruhusa ya kutolala kifudifudi. Deputi alipitia kanuni za shule akakuta kwamba zinakataza kofia, kilemba na nywele ndefu, lakini hazisemi lolote kuhusu mikono, kwa hiyo akamruhusu kuingia darasani. Kinyozi wa mjini Kajiado alinyoa kuuzunguka, akalalamika kwamba kazi ni ile ile na kichwa kimepungua.

Mwanzoni Nalianya aliufurahia. Mkono ulijulikana. Akienda mjini siku ya soko la mifugo, wazee waliutambua kwa pete na kile kidole, wakamuuliza, "Simel hajambo?" naye akawajibu kwa niaba yake. Wanafunzi wadogo walimwinamia njiani, na mkono ukashuka ukawagusa wote. Mpishi, aliyekuwa na adabu za nyumbani kwao, alikataa kuupakulia mkono huo chakula kidogo. Nalianya akanenepa.

Lakini mkono haukuwa wa kukaa bure. Ulizoea fimbo. Ukikosa fimbo ulishika chochote kilichokuwa karibu, rula, ufagio, mara moja sikio la mwalimu wa kemia, na haukuliachia upesi. Mwishowe walimpa fimbo halisi, na Nalianya akawa anatembea shuleni na fimbo imesimama juu ya kichwa chake kama mlingoti. Asubuhi, saa ya kutoa mifugo, mkono ulimpigapiga utosini mpaka akaamka, naye hakuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo alizunguka uwanja gizani mara nyingi mpaka kengele ya mpiga kengele mpya ikalia. Hakuweza tena kukaa. Aliketi akainuka. Alilala akageuka. Alifungua kitabu cha historia na mkono ukageuza kurasa mbili kwa pamoja ukitafuta masikio ya mbuzi.

Akajaribu kuuondoa. Alitumia sabuni, grisi ya lori na maombi ya chama cha Wakristo shuleni, ambao walimwekea mikono yao juu ya ule mkono mpaka haikujulikana upi ni wa nani. Walipoinua yao, wa Mzee Simel ukabaki.

Kulikuwa na jambo jingine. Watu walipomuuliza aliupataje, Nalianya alijibu, "Nilisalimiwa tu." Kila alipotamka maneno hayo, mkono uliteremka polepole, ukafunika macho yake yote mawili, ukakaa hapo. Haukumwumiza. Ulifunika tu. Nalianya alitembea akigonga milango, akaingia bafu la walimu, akakaa kwenye paja la kasisi. Baada ya muda ulipanda tena wenyewe. Wenzake bwenini, ambao wote walijua kengele ilifungwa na nani, waliutazama ukipanda na kushuka, na hawakusema neno. Mmoja tu alisema, "Manze, hiyo mkono iko na msimamo kuliko sisi sote," wakacheka, wakazima taa.

Likizo ya Agosti ilipofika, Nalianya alipanda basi la kwenda Kitengela. Lilipofika Kisaju, palipokuwa nyumbani kwa Mzee Simel, mkono ulianza kugonga kioo. Uligonga kama mtu anayetaka kushuka. Utingo aliuliza, "Kuna mtu wa Kisaju?" Nalianya akasema hakuna. Mkono ukafunika macho yake, na hakuona chochote mpaka basi likafika stendi ya Kitengela.

Nyumbani hawakushangaa. Dada yake, Beverlyne, aliyekuwa darasa la saba na mdomo wa chuo kikuu, alimzunguka mara moja akamkagua.

"Mama, Nalianya ameleta mgeni."

Phylis aliuangalia mkono kwa jicho la muuguzi. Aliuliza ni wa nani, akaambiwa. Aliuliza anaurudisha lini, akaambiwa karibuni. Akaweka kijiko cha pili kando ya sahani ya Nalianya.

"Ulifanya nini?" akauliza.

"Nilisalimiwa tu."

"Umeshuka," Beverlyne akasema. "Chungeni chai, atamwaga."

Akaimwaga. Baba yake, Bwana Lazarus, alipofika jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi, aliketi akautazama mkono muda mrefu. Alisema mkono wa mtu mzima haufai kukaa kwa nyumba ya watu bila kazi, na mwenye nao lazima anapata shida. Nalianya hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amefikiria sana jinsi mkono unavyomsumbua yeye, wala si hata kidogo jinsi unavyokosekana kwingine.

Habari zilifika baadaye kupitia mkulima mmoja wa Kisaju aliyekuja kliniki ya Phylis. Mzee Simel hakuweza tena kumshika mbuzi na kumpa dawa kwa wakati mmoja. Hakuweza kufunga wala kufungua. Lesiamon ndiye aliyekuwa mkono wake sasa. Shule moja ya kutwa ilikuwa tayari kumpokea ili asajiliwe upya mwaka unaofuata, lakini hangeweza kwenda, kwa kuwa mkono hauwezi kwenda shule ukamwacha mwenyewe nyumbani.

Nalianya aliposikia hayo, hakula. Ugonjwa wake wa kutotulia uliingia ndani kabisa, mahali ambapo punda na chumvi havifiki. Alirudi Kajiado muhula wa tatu akiwa ameamua. Basi lilipita Kisaju, mkono ukagonga kioo, naye akauambia, "Ngoja."

Na sasa mtafiti anafikia sehemu tukufu. Siku ya Ijumaa, wiki moja kabla ya mtihani, Deputi aliuliza kwenye paredi kama kuna mwanafunzi mwenye neno. Nalianya aliinua mkono, wake mwenyewe. Akapanda jukwaani. Kwa sauti iliyosikika mpaka Namanga alisema, "Kengele nilifunga mimi. Lesiamon hana hatia." Deputi alitoa leso akalia. Gari la shule liliwashwa papo hapo likaenda Kisaju, likarudi na Lesiamon akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi, kwaya ikiimba. Mkono wa Mzee Simel uliinuka polepole, ukampigia Nalianya saluti, ukapanda basi la saa nne, na tangu siku hiyo

Hapa mtafiti ameacha kuona karatasi.

"Mama!" Beverlyne akapiga kelele. "Umeshuka tena! Na hajaongea, ameandika!"

"Ameandika nini?" Mama akauliza kutoka kwa jiko.

"Ngoja nisome. 'Kwa sauti iliyosikika mpaka Namanga...' Woi! Mama, skiza hii. Eti Deputi alilia!"

"Rudisha hiyo karatasi, Bev," mtafiti akasema gizani.

"Na hapa juu! 'Kijana mwenye sura nzuri na akili kali.' Hao watu waliohojiwa ni akina nani?"

"Ni utafiti."

"Nalianya ni nani, kama si wewe?"

Mama alikuja, akasimama. Nilisikia mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni. Sikuwa naona kitu, ila weusi wa kiganja na wekundu kidogo kati ya vidole.

"Ezra Nalianya," akasema, majina yote mawili, "andika vile ilikuwa. Halafu utoke, nataka meza."

Sawa. Mkono umepanda kiasi cha kuona mistari. Nalianya ni mimi. Hakuna mtafiti. Kuhusu sura nzuri, mkono ulitikisika lakini haukushuka, kwa hiyo nimeacha maneno yalivyo.

Siku ile ya Ijumaa Deputi aliuliza kweli kama kuna mwenye neno. Niliinua mkono wangu kweli. Shule nzima iligeuka. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Agosti, yako tayari, mafupi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mwalimu, maji ya kuoga ni baridi."

Walicheka mpaka paredi ikavunjika. Sijawahi kuchekesha watu wengi hivyo kwa mara moja. Nilipiga hatua kurudi mstarini nikiwa kipofu, na mtu akanishika shati akanielekeza.

Tukafanya mtihani. Nilimwambia Deputi baada ya karatasi ya mwisho, wakati kusema hakukuwa na gharama tena, wakati masanduku yalikuwa yameshafungwa. Niliingia ofisini kwake nikasema ni mimi. Hakulia. Aliendelea kupanga karatasi.

"Wewe ndiye ulifunga hiyo kengele."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na baba yake akairudisha mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

Akagonga karatasi mezani zikalingana. "Hiyo faili imefungwa, Nalianya. Barua ya shule ikishatoka imetoka. Nikianza kurudisha barua, nitarudisha ngapi?" Kisha akanyoosha mkono akapokea kitabu cha maktaba nilichokuwa nacho kwapani. "Toka taratibu, usigonge mlango."

Mvua ilikuwa imenyesha wakati huo, na watu wa Kisaju walikuwa wamerudisha ng'ombe kwao. Basi lilipofika hapo, mkono haukugonga kioo. Niligonga mimi.

Nilimkuta Lesiamon kando ya barabara akichimba mashimo ya nguzo. Kuna watu wa Nairobi walionunua ploti, na walitaka ua. Alikuwa amekua mabega. Alinitazama usoni, halafu akatazama juu ya kichwa changu.

"Umeileta," akasema.

"Lesi, mimi..."

"Si mimi. Mwenyewe yuko pale."

Mzee Simel alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na zizi. Nado alikuwa nyuma yake, na shingoni mwake palikuwa na mstari usio na manyoya, mahali waya wangu ulipokata. Niliutazama mstari ule mpaka nikausoma wote. Halafu niliinama, kwa kuwa ndivyo tunavyoamkia, na mzee akanigusa kwa mkono wa kushoto, kwenye nafasi iliyobaki.

"Mzee, ni mimi nilifunga kengele."

"Eeh."

"Ulijua?"

"Mkono ndiyo ilijua. Mimi nilikuwa nakusalimia tu."

Alisimama. Akaushika mkono wake kwa ule mwingine, akauvuta mara moja, kama mtu anayejaribu nguzo kama imesimama imara. Haukutoka. Mimi nilitaka kulia kwa sababu nilikuwa nimesema kila kitu, kwa aliyepaswa kuambiwa, bila mzaha hata mmoja, na nilikuwa nimejiahidi kwamba nikisema utatoka. Mzee hakuonekana kusikitika. Alisema, "Bado haijamaliza." Hakusema haijamaliza nini. Akaita upande wa barabara: "Lesiamon! Leta ule mbuzi wa jicho."

Lesiamon alimleta akiwa amemshika pembe. Nikaambiwa nipige magoti. Nikapiga, nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mkono ukamfikia mbuzi. Ulimpapasa sikio, ukashuka ukafungua lile jicho kwa vidole viwili, kile kilichopinda kikizuia kope. Mzee akatia dawa kwa mkono wa kushoto. Mbuzi alinikoholea usoni.

"Inama vizuri, layioni," Lesiamon akasema juu yangu, akiniita mtoto. "Umezoea kuinama, si ndiyo? Au hiyo ilikuwa ya mchezo?"

Nilitafuta mzaha, kwa mazoea, nikakosa, nikainama zaidi.

Mama yake, Priscilla, alitoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Lesiamon alikunywa kwanza, akanipa. Nilikunywa kidogo, nikamrudishia. Akakipima uzito kwa mkono, akanitazama, akarudi kwenye mashimo yake. Nilimuuliza kama mwaka ujao ataenda ile shule ya kutwa, na akasema bila kugeuka, "Nani atashika mbuzi Jumatatu? Wewe uko Kitengela."

Hapo ndipo tulipofika. Matokeo ya mtihani yatatoka, na jina lake halitakuwemo. Deputi bado ni Deputi. Ua wa watu wa Nairobi umekaribia kufika kwenye njia ya ng'ombe. Mimi huenda Kisaju kila Jumamosi, na tangu wiki iliyopita nimeanza kwenda siku za katikati pia, kupeleka mkono kazini. Nikifika napiga magoti bila kuambiwa. Lesiamon hajanisamehe, na hajasema kwamba atanisamehe, ila juzi alinisogezea gunia niwekee magoti.

Maharagwe yameiva. Mama ameweka vijiko viwili kwenye sahani yangu, na Beverlyne amesoma mpaka hapa akasema hakuna uongo aliouona, ingawa mwandiko ni mbaya. Mkono uko juu ya kichwa, uzito ule ule. Umeshika kalamu ya ziada kama fimbo, na unaniharakisha twende kazini.